Paka Wanne na Ng'ombe wa Nane

Jumamosi, 4 Machi

Mwanangu,

Masikio yangu yameshaagana na simu, kwa hiyo itabidi tuandikiane kama watu wa zamani. Boksi hili la barafu ni la jirani yangu, muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Sista. Dereva wa basi amekubali kulileta kila Ijumaa likiwa na mzigo wako na kulirudisha tupu Jumamosi. Barua zitasafiri humo humo.

Mzigo ninaouomba ni nyama ya paka. Usicheke kwanza. Paka wangu aligongwa na pikipiki akaacha watoto wanne, leo wana wiki tano. Wameanza kulamba chakula cha kopo. Nataka kuwahamishia kwenye nyama mbichi sasa hivi, wakiwa wadogo, kwa sababu paka akishakomaa na chakula kimoja, kumbadilisha ni kesi ya miezi.

Hawahamishwi kwa pupa. Siku ya kwanza ni nyama ya kusaga ya ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, ndani ya kijiko cha chakula walichokizoea. Nangoja siku mbili nikitazama kinyesi. Kikiwa kigumu, naongeza ukucha wa pili. Kikilegea, narudi nyuma hatua moja, bila kugombana na mtu.

Kuna jambo jingine, linakuhusu wewe na marehemu baba yako. Nimelibeba miaka thelathini na moja. Nitakuandikia, ila si leo. Nilipomwomba daktari miadi ya Juni, alifunga daftari akasema tuione kwanza Mei. Kwa hiyo usidhani nina muda wa kukuzungusha.

Baba yako mdogo


Alhamisi, 9 Machi

Baba Mdogo, shikamoo.

Pole kwa paka, na pole zaidi kwa hilo la daktari. Mama anakusalimu, anauliza kama unakula au unapima chakula tu.

Mimi nakujibu hivi: kama unataka nyama, sema nyama. Mtu mzima na heshima zako unajificha nyuma ya paka? Nimekuwekea sarara kilo mbili, haina mfupa, haina utando, nimeikata kwa mkono wangu. Paka wakibakiza, wewe uonje. Wewe ukibakiza, wape paka.

Na hilo jambo lako, mtu habishi hodi halafu akajificha nyuma ya ukuta. Baba alikuwa akisema wewe hata salamu unaipima kwa rula. Miaka thelathini na moja ni ule mwaka wa yule ng'ombe. Kama ni hilo, mimi nililimaliza zamani. Baba alikosea, akalipa, akafa. Lala salama.

Mwanao wa buchani


Jumamosi, 11 Machi

Mwanangu, marahaba.

Sarara yako nimeila mimi na Sista. Aliipika yeye, maana jiko langu amelichukua tangu siku niliyoweka sufuria motoni nikasinzia. Tumekushukuru kwa midomo yote miwili. Paka hawakupewa hata kipande, na nitakueleza sababu usije ukanuna.

Nyama tupu humlemaza mtoto wa paka. Paka wa porini hali sarara ya panya. Anamla panya na mifupa yake, moyo na ini. Mtoto wa paka akilishwa mnofu mtupu, baada ya wiki chache miguu inapinda na hawezi kuruka hata kizingiti. Kwa hiyo ninachokuomba ndicho unachokitupa: shingo za kuku zilizopitishwa kwenye mashine mara mbili pamoja na mifupa, hadi ukizisugua kati ya vidole usisikie kitu kinachochoma. Moyo wa ng'ombe. Ini kidogo sana, sehemu moja kwa ishirini, likizidi linadhuru.

Chochote cha ng'ombe kikae kwenye friza yako wiki mbili kamili kabla ya kunitumia. Baridi ile huua tegu. Ukipika, moto unakufanyia kazi hiyo na hakuna atakayejua kilichokuwa ndani. Ukilisha mbichi, huna wa kukusitiri. Igandishe hata kama imepigwa muhuri. Hasa ikiwa imepigwa muhuri.

Na umekisia sawa. Ni ule mwaka wa ng'ombe. Ila hujalimaliza, kwa sababu hulijui.

Baba yako mdogo


Alhamisi, 16 Machi

Baba Mdogo, shikamoo.

Shingo za kuku hizo, nimezisaga mara tatu. Moyo wa ng'ombe umeingia friza leo, utaupata Ijumaa ya tarehe thelathini na moja. Mfanyakazi wangu ananiuliza tangu lini tunasaga mifupa, nimemwambia nina wateja wanne wenye masharubu.

Sasa niseme langu. Nimenuna. Si kwa sarara. Kwa lile la tegu. Hakuna bucha katika mji huu inayokagua kama yangu. Mkaguzi akishapiga muhuri na kuondoka, mimi nachukua kisu na kupasua taya la kila ng'ombe kwa mara ya pili, moja moja. Wenzangu wananiita Daktari wa Mataya. Wacha waniite.

Unajua nimeitoa wapi tabia hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili siku wewe, mkaguzi wa machinjio, ulipoimwagia mafuta ya taa nyama ya ng'ombe wa baba isiliwe, mbele ya wachinjaji wote. Jioni ile ile habari ilifika mtaani kabla ya baba. Mwezi uliofuata naitwa Binti Minyoo shuleni. Baada ya miezi minane duka likafungwa, baba akaenda kusugua ngozi kwenye kiwanda cha watu, na ile harufu haikumtoka hadi tulipomwosha.

Hakukulaumu hata siku moja. Alisema, "Ndugu yangu amefanya kazi yake. Kisu chake hakisemi uongo." Alimlaumu mfugaji aliyemuuzia, akaacha hata kumsalimu. Mimi nikabaki najua kwamba baba alinunua ng'ombe mgonjwa, ama kwa tamaa ama kwa uzembe. Nilipofungua bucha nilikataa kuandika jina lake. Bango langu limeandikwa BUCHA, basi. Mama mpaka leo akipita chini yake hainui macho.

Kwa hiyo sijui ni nini nisichokijua.

Mwanao


Jumamosi, 8 Aprili

Mwanangu,

Nilikuwa hospitali siku kumi na tisa, ndiyo maana boksi lilirudi bila barua mara tatu. Sista alilisha paka kwa kufuata karatasi yangu, ingawa alisema mwandiko wangu unafanana na kinyesi ninachomtaka akikague.

Moyo umefika, umeganda kama jiwe. Tunaumega, tunaweka vipande kwenye mfuko, mfuko kwenye maji ya uvuguvugu ya chupa ya chai. Nyama itoke na joto la panya aliyekamatwa sasa hivi. Ikiwa baridi wanaigeuzia mgongo.

Watatu wameshahama kabisa. Mlafi alimaliza safari kwa siku sita. Karani, ambaye hupita juu ya barua zangu kabla wino haujakauka, alipata tumbo la kuendesha, tukamrudisha nyuma siku nne, sasa yuko imara. Bibi Harusi hula akiwa ameinua mguu mmoja usichafuke. Wa nne hana jina. Analamba kopo, akikuta punje ya nyama mbichi anaitema pembeni, safi, kama mtu anayechambua mchele.

Nakuomba uwachukue nikiondoka. Ndiyo maana nimewazoesha chakula cha kwako. Bucha haina makopo, ila shingo na mioyo haitakosa.

Na swali moja. Yule ng'ombe wa baba yako alifungwa uani kwenu usiku mmoja kabla ya kupelekwa machinjioni. Unaikumbuka pembe yake ya kushoto?

Baba yako mdogo


Alhamisi, 13 Aprili

Baba Mdogo, shikamoo.

Mungu akupe nafuu.

Paka buchani? Wewe? Wewe uliyemfungia mtu duka wiki nzima kwa unyoya mmoja wa paka kwenye mizani? Watakaa nyumbani na mama, tena naona ameshaanza kutafuta kikapu huku akisema hapendi paka.

Pembe naikumbuka. Ilikuwa imevunjika katikati. Baba alikuwa akimpa maji, akamwambia, "Wewe bwana uligombana na mlango, mlango ukashinda." Nilicheka mpaka nikamwaga ndoo.

Kwa nini unaniuliza? Kuanzia Machi unanilisha ukucha kwa ukucha, kisha unangoja uone tumbo langu limepokeaje. Mimi si mtoto wa paka. Nina meno. Leta yote.

Mwanao


Jumamosi, 15 Aprili

Mwanangu,

Hii hapa yote.

Machinjioni, vichwa hutundikwa kwenye bomba moja na miili kwenye bomba la pili, kwa mpangilio wa kuchinjwa. Kichwa cha nane ni cha mwili wa nane. Siku hizi wana vibati vya namba. Wakati wetu tulikuwa na mpangilio tu, na mlinzi wa mpangilio alikuwa mkaguzi.

Asubuhi ile walichinjwa ng'ombe ishirini na sita. Kichwa cha saba kilichomoka kwenye kulabu, kikaanguka na kukigonga cha nane, vyote vikawa sakafuni. Niliviokota mwenyewe, nikaviosha, nikavitundika. Nilibadilisha nafasi zake. Sikujua. Mkaguzi hatazami pembe, maana pembe hailiwi. Hutazama taya, ulimi na tezi.

Nilipopasua taya la kichwa kilichokuwa kulabu ya nane, nilikuta vifuko vya tegu vimejaa kama punje za wali. Nikageuka kuutazama mwili wa nane. Ulikuwa wa kaka yangu.

Sheria ilinitaka nipasue pia moyo na bega la mwili huo kabla ya kuamua. Ni kazi ya dakika tatu. Sikuifanya. Wachinjaji wote walikuwa wananitazama, na nikaona nikiendelea kupasua watasema natafuta njia ya kumwokoa ndugu. Nilitaka kuonekana mtu wa haki. Nikaomba mafuta ya taa. Kama ng'ombe yule angekuwa wa mtu baki, ningepasua, nikakuta moyo safi, nikashtuka, nikarudi kwenye vichwa. Baba yako alipoteza duka lake kwa sababu mimi nilikuwa ndugu yake.

Saa nane mchana nilipita kwa mnunuzi wa vichwa. Kile chenye pembe iliyovunjika kilikuwa juu ya meza yake, taya lake nimelipasua mwenyewe, jekundu, safi kabisa. Asubuhi mapema nilikuwa nimemkagua ng'ombe huyo akiwa hai zizini, na baba yako akanirudia utani ule ule wa mlango. Nilisimama pale mpaka yule bwana akaniuliza kama nataka kununua.

Mwili wa saba, wenye ugonjwa, nilikuwa nimeupiga muhuri. Ulikuwa umeshaingia jikoni mwa shule ya bweni, ambako nyama huchemshwa hadi ijitenge na mfupa. Nilijipa moyo kwamba moto umemaliza kila kitu. Kwa miezi sita nilisikiliza kama kuna mwanafunzi aliyeugua. Hakuna. Moto ulinisitiri. Nikasema kama hakuna aliyedhurika, ya nini kufukua? Nikajifanya siyaoni yaliyokuwa yakitokea nyumbani kwenu.

Ningekwenda kwa bwana mkubwa siku ile ningefukuzwa kazi, na baba yako angeuza nyama kesho yake. Nilikuwa na kazi hiyo kwa miaka ishirini na miwili zaidi. Nilipewa cheti cha uadilifu nilipostaafu. Nimelifunika nacho sanduku la paka, kinazuia upepo.

Baba yako hakununua ng'ombe mgonjwa. Alinunua ng'ombe mzuri, na mfugaji aliyemuuzia alikuwa mtu mkweli. Mgonjwa alikuwa jirani yake kwenye bomba.

Nakuomba msamaha wewe na shemeji. Siombi mnipe kwa haraka. Wa nne bado anatema.

Baba yako mdogo


Jumamosi, 29 Aprili

Kwa binti wa buchani,

Mimi ni Sista, jirani wa baba yako mdogo. Hajanituma, tena akijua atanisema.

Boksi limekuja Ijumaa mbili. Shingo zimo, moyo umo, kila kitu kimefungwa vizuri. Barua haimo. Ijumaa ya kwanza aliinua vipande vya barafu kimoja kimoja akatazama chini yake. Ijumaa ya pili aliniambia nivitazame mimi, kwa kuwa macho yangu ni mazuri.

Sijui mmeandikiana nini, na sitaki kujua. Najua kazi yangu. Miguu imevimba hadi magotini, anakula vijiko vitatu. Akili yake iko sawa kuliko ya kwangu. Nikimwuliza anataka nini anasema, "Usimsukume. Amepewa kingi kwa mara moja, mwache tumbo litulie." Nilidhani anamsema paka.

Kama una neno, liwe refu au fupi, liwe la Ijumaa hii.

Sista


Alhamisi, 4 Mei

Baba Mdogo, shikamoo.

Nilisoma barua yako nimesimama kwenye gogo la kukatia nyama. Niliwahudumia wateja kumi na mmoja baada ya hapo, na hakuna aliyejua. Halafu nikaingia chumba cha friza, nikakaa humo mpaka mfanyakazi akaja kugonga.

Ijumaa mbili nilikuwa nakutumia nyama kwa sababu paka hawana kosa. Kukuandikia sikuweza. Kila nikianza, naandika matusi, na matusi kwa mtu wa umri wako hayaandikiki, nimejaribu.

Nimemsomea mama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaniambia nirudie kile kipande cha moyo safi. Nikarudia. Akasema, "Alikuwa anakuja kunywa chai hapa kila Jumapili. Kikombe chake kile pale." Asubuhi alikwenda kuulizia yule mfugaji. Amekufa, ila wanawe wapo. Ametaka kupelekwa.

Msamaha umeuomba na mimi nimeusikia. Sijui niuweke wapi kwa sasa. Usiniombe mara ya pili.

Nataka kitu kingine. Nataka cheti. Si barua ya kuniliza. Nataka cheti cha ukaguzi cha ng'ombe wa nane, kama ulivyoviandika vile vingine vyote, vipengele vyote, na muhuri. Nitakiweka kwenye fremu, kando ya leseni yangu, mahali mteja anapongojea mizani. Wenye miaka ya kukumbuka watasoma, na wasio na miaka watauliza.

Fundi wa mabango anakuja Jumatatu. Nimempa jina la baba.

Paka nawafuata mwenyewe Ijumaa ijayo. Mama ameshapata kikapu.

Mwanao


Jumamosi, 6 Mei

Mwanangu, marahaba.

Cheti hiki hapa. Kimenichukua tangu asubuhi. Sista amenishika kiwiko, lakini maneno na mwandiko ni vyangu, na asije mtu akasema vingine. Muhuri wangu wa kazi nilitakiwa kuurudisha nilipostaafu na sikuurudisha, liwe kosa la pili. Wino wake ulikauka zamani. Tumetumia dawa ya vidonda ya Sista, ile ya zambarau. Rangi ni ile ile.

Ukifika Ijumaa na mimi sipo, mambo ya paka ni haya. Wape mara nne kwa siku, kidogo kidogo, joto la mwili. Osha bakuli kwa maji ya moto na sabuni, na mikono yako pia. Chakula kisichoisha ndani ya nusu saa kitupe. Ini moja kwa ishirini, usiwaonee huruma.

Wa nne jana aliingia ndani ya boksi lako tulipoligeukia mgongo, akala shingo nzima peke yake kabla haijapashwa hata joto. Alikuwa hajakataa nyama. Alikataa kuchanganyiwa.

Baba yako mdogo


CHETI CHA UKAGUZI WA NYAMA

Mnyama: Ng'ombe dume, kahawia, pembe ya kushoto imevunjika katikati.

Mwenye mali: Mwenye bucha, kaka wa mkaguzi.

Nafasi kwenye bomba: Mwili, ya nane. Kichwa, ya nane, kikatundikwa ya saba kwa mkono wa mkaguzi.

Ukaguzi akiwa hai: Anatembea vizuri, anakunywa maji, macho angavu.

Taya, ulimi na tezi: Safi.

Moyo na bega: Havikupasuliwa. Kosa ni la mkaguzi.

Uamuzi wa kwanza: Umefutwa.

Uamuzi: Nyama ilikuwa safi na ilifaa kuliwa na watu.

Maoni: Mwenye mali alijua kuchagua ng'ombe.

Mkaguzi wa Nyama
(muhuri)